Laki Tatu za Nyika Kuu

Lango la Chuo Kikuu cha Nyika Kuu lilikuwa na kazi moja tu, kuhesabu vichwa. Kila aliyepita, taa iliwaka juu ya kizingiti na namba ikapanda au ikashuka. Bi Kalunde alipopita na mkoba wake wa turubai na chupa ya chai, namba ilitulia palepale, kwa sababu kitambulisho cha Tume kilichoning'inia shingoni mwake kililiamuru lango limwache. Mhesabu hahesabiwi.

Aliinua macho akaisoma. Laki tatu na ushei. Tangu aanze kazi hii, enzi Tume ina gari moja bovu na ofisi inayovuja, hakuwahi kuona chuo chenye watu kiasi hicho, na moyo wake, badala ya kustaajabu, ulishtuka.

Nyuma yake, kwenye uwanja wa mabasi, walikuwa wamekaa wale wa Chuo cha Kilindi Juu, elfu kumi na moja na kelele zao zote. Walikuwa wameletwa na magodoro, ndoo na masanduku ya bati hata kabla hesabu haijakamilika, maana matokeo yalijulikana. Sheria ya Ulinganisho haikuwa na maneno mengi. Vyuo viwili vinawekwa bega kwa bega, wanafunzi wa kila kimoja wanahesabiwa, na chenye wengi kinakichukua chenye wachache: majengo, visima na watoto wa watu. Kilindi Juu walishahesabiwa wiki iliyopita. Ilibaki Nyika Kuu, na nani angebishana na laki tatu?

"We Stamili, hiyo ndoo si yako," kijana mmoja alikuwa akifoka pale uwanjani.

"Imeandikwa jina lako wapi? Tena unaidaia nini, wakati maji yenyewe unayaogopa?"

Watu wakaangua kicheko. Stamili, msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wao, aliigeuza ndoo akaikalia. Alipomwona bibi mwenye kitambulisho cha Tume akiwatazama kupitia vyuma vya lango, akasimama haraka. "Shikamoo, Bibi. Tuhesabie upesi basi, jua linatumaliza huku."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bi Kalunde, na hakupenda jinsi sauti yake ilivyokwaruza.

Ndani kulikuwa kimya. Barabara ilinyooka hadi jengo la utawala, na wanafunzi walikuwa wakipita pande zote mbili, maelfu yao, wala hakuna aliyemgonga mwenzake, aliyeita rafiki ng'ambo ya pili, wala aliyesimama katikati ya njia kufunga kamba ya kiatu. Mmoja akamwambia, "Shikamoo, Bibi." Kabla hajamaliza kuitikia, mwingine mbele kidogo akasema, "Shikamoo, Bibi," kwa sauti ileile na tabasamu lilelile. Kisha mwingine. Kisha kumi kwa pamoja. Alipofika kwenye ngazi za utawala alikuwa ameacha kuitikia, yeye ambaye tangu utoto hajawahi kumnyima mtu marahaba.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya Nyamizi. Tume isingelipenda kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nyamizi alikuwa mjukuu wake, na kwao Unyamwezi mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Wawili hao waligombea mume mmoja, Mzee Maganga, tangu mtoto ana meno mawili. Hata mzee alipofariki ugomvi haukuisha. Nyamizi alipoanza chuo, kila Ijumaa alituma ujumbe: mke mwenzangu, mume kanijia ndotoni, kasema ugali wako ulimharibia tumbo. Bi Kalunde alijibu kwa matusi mazuri na kulala akicheka peke yake. Kisha, muhula wa pili, ukaja ujumbe mwingine. Shikamoo Bibi. Sisi ni wazima. Masomo yanaendelea vizuri. Majirani walipoonyeshwa walisema chuo kimemtia mtoto adabu. Ijumaa iliyofuata ujumbe ukaja uleule, na iliyofuata pia, na ndipo bibi akaanza kuogopa.

Aliwaambia wakubwa wa Tume wazi kwamba ana mjukuu Nyika Kuu na kwamba kanuni zinamkataza kwenda. Wakamjibu kwamba chuo chenyewe kimemwomba yeye kwa jina. Angeogopa zaidi siku ile, kama angekuwa na akili.

*

Mkuu wa chuo, Profesa Sifuni Mbonea, alimpokea ofisini kwa chai na vitumbua. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa suti nzuri.

"Karibu sana, Bi Kalunde. Kazi yako itakuwa fupi. Lango limeshafanya sehemu kubwa."

"Lango linahesabu miili, Profesa. Mimi nimekuja kuhesabu watu."

Alisema hivyo kila chuo, na kila mahali watu walicheka kidogo. Kisa chake kilikuwa kile chuo kilichojaza mabweni wanasesere wa mpira, wakapumua na kutoa jasho vizuri tu mpaka mmoja akapasuka kwenye mstari wa chakula. Tangu hapo kila hesabu ilitakiwa kuthibitishwa na binadamu. Wahesabu wengine walitumia maswali ya mtihani. Bi Kalunde alitumia utani. Aliketi na wanafunzi wachache, wawili wawili, akamchokoza mmoja, akasikiliza. Mtu anaweza kufundishwa kujibu chochote, lakini hafundishiki kuchokozwa. Tume walimcheka kwanza, halafu wakauingiza utani kwenye mwongozo wao kwa jina la jaribio la mwitiko wa pili, maana ofisi haiwezi kukiacha kitu kikaitwa jina lake.

Profesa hakucheka. "Wao ni watu," alisema. "Unajua Uzi unavyofanya kazi?"

Alijua, kama alivyojua kila mtu. Uzi ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukipandikizwa nyuma ya sikio la kushoto, na kazi yake ilikuwa kuchukua kile ubongo mmoja ulichokielewa na kukipitisha kwa mwingine. Mwanafunzi mmoja akipambana na hesabu ngumu akaishinda, darasa zima limeishinda. Daktari aliyehitaji miaka mitano alipatikana kwa mmoja. Vyuo vingine viliuwasha Uzi saa za masomo na kuuzima watoto wakienda kula.

"Nyie mnauzima saa ngapi?" akauliza Bi Kalunde.

"Hatuuzimi." Profesa aliweka kikombe chini. "Tulijaribu mwanzoni. Walilalamika kwamba wakizimiwa wanasikia upweke. Walikuwa wachache bado. Kadiri walivyoongezeka ndivyo walivyoacha kulalamika."

Bi Kalunde aliinama kidogo akamtazama nyuma ya sikio. Hapakuwa na kovu. "Wewe mwenyewe hukuvaa."

"Mtu mmoja ni lazima asaini vitu," alisema Profesa, na akajifuta paji la uso. "Utataja namba yako langoni, mara mbili, kama kawaida. Tafadhali tu yasitokee ya Mzee Chitema."

Hili nalo lilimshangaza, kwamba hata maprofesa walikijua kile kisa. Mzee Chitema, mhesabu mwenzake, alitaja namba moja, kinasa sauti kikamwambia arudie, naye kwa maumivu ya jino akataja nyingine. Sheria haina huruma na jino. Namba mbili zisipolingana hesabu yote inafutika, lango linafungwa na mhesabu anaanza upya. Mpaka amalize, haingii mtu wala hatoki, na chuo kinabaki kama kilivyo, hata balbu ya taa haibadilishwi bila idhini yake. Chitema alikaa mle masika yote, mkewe akimpitishia nguo safi kwenye matundu ya uzio. Bi Kalunde alimcheka kwa miaka. Yeye hesabu yake haijawahi kufutika hata moja, na alijivunia hilo kuliko ndoa yake.

*

Walimpa chumba chenye meza na dirisha kubwa linalotazama uwanja wa michezo. Wa kwanza kuingia walikuwa kijana mnene wa Kizaramo aitwaye Kibwana Pazi na msichana wa Kihaya, Kokushubira, ambaye aliketi karibu na mlango.

Bi Kalunde alifurahi kusikia jina la Kibwana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hapo hakuna haja ya kupasha moto. Akavua miwani, akamkazia macho.

"Mzaramo wewe. Nasikia babu yako aliposikia ngoma njiani alitua jeneza akaenda kucheza, marehemu ikabidi ajizike."

Kibwana akacheka. Alicheka vizuri, kwa tumbo, mabega yakitikisika, na Bi Kalunde akasikia pumzi ikimrudia kifuani. Ni watu, akajiambia. Ni watoto wa watu, wamechoka tu na masomo. Kisha akasikia kicheko kilekile upande wa pili wa ukuta.

Kilikuwa pia kwenye korido. Kilikuwa kwenye ghorofa ya juu, na aligeuka dirishani akaona uwanja mzima wa michezo, mamia kwa mamia, wamesimama na mipira mikononi, wakicheka kwa tumbo, mabega yakitikisika. Wote walianza pamoja, na wote wakaacha pamoja.

Alishika ukingo wa meza. Akasubiri jibu, maana utani usiojibiwa ni tusi tu. Jibu likaja, lakini halikutoka kinywani mwa Kibwana. Kokushubira ndiye aliyelisema, kule mlangoni, kwa lafudhi safi ya pwani.

"Na nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vimekuwa bapa. Mkinyeshewa, maji yanatuama."

Lilikuwa jibu zuri kabisa. Siku nyingine angelipigia makofi. Sasa alinyoosha mkono akaivua kofia ya Kibwana, akaitia kwenye mkoba wake. Mtani anayo haki ya kukupora kitu chako mchana kweupe, na huna pa kumshtaki. Dawa yake ni kumfuata na kukigombania. Hata wanyonge hukigombania. Kibwana alimtazama kwa upole.

"Chukua, Bibi," walisema yeye na Kokushubira kwa pamoja. "Zipo nyingine."

"Nazungumza na nani?" akauliza Bi Kalunde.

"Na sisi."

"Nyie ni wangapi?"

Kule uwanjani hakuna aliyerusha mpira. Kisha Kibwana akasogeza kiti mbele, na kwa mara ya kwanza katika sura ile kulikuwa na kitu kama haja.

"Tutanie tena, Bibi. Ndiyo sababu tulikuita. Tunajua kila kinachochekesha, lakini tukijisimulia hakichekeshi. Wageni wanapokuja huwa wanatuchekesha. Siku chache tu. Wanasema vitu tusivyovijua, halafu tunavijua." Kokushubira akamalizia, "Wale walio nje wanachekesha sana. Yule wa ndoo. Tunawasikia kutoka hapa."

Bi Kalunde alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, na hakukiinua.

*

Profesa alikuwa akimngoja kwenye korido, mgongo ukutani. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa wanafunzi walikuwa wakipita kando yao na bila shaka walisikia yote.

"Umeshajua."

"Kuna mtu mmoja humu," alisema Bi Kalunde. "Laki tatu ya miili, na mtu mmoja. Nitataja mmoja."

"Sikiliza kwanza, mama yangu. Ukitaja mmoja, Tume watakuja na mafundi wataukata Uzi. Ndivyo agizo linavyosema kwa chuo kilichodanganya hesabu. Tulipoacha kuuzima, darasa moja la watu arobaini lilikatikiwa Uzi kwa hitilafu ya umeme. Wako wodini mpaka leo. Wanafumbua macho, wanameza uji ukiwawekea mdomoni, basi. Huwezi kumrudisha mtu kwake kwa kumnyang'anya kila kitu kwa mara moja, maana hana tena pa kusimama." Aliwatazama wanafunzi waliokuwa wakipita. "Laki tatu, Bi Kalunde. Mjukuu wako mmojawapo."

"Na nikitaja laki tatu?"

"Basi mchana huu wale walio nje watavalishwa Uzi. Vyumba viko tayari." Profesa alitazama viatu vyake. "Mwanzo ilikuwa kazi yangu. Sasa mimi ndiye natumwa. Wananisalimia asubuhi, wote, kila dirisha ninalopita, wananiuliza kama wageni wanakuja lini. Ninaogopa hata kuacha kazi."

Bi Kalunde alitaka kumchapa kofi, na alitaka pia kumshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Niitie Nyamizi," akasema.

Hakukuwa na haja ya kumwita. Alikuwa amesimama mwisho wa korido, amevaa lile sweta la kijani ambalo bibi yake alilifuma kwa mikono yake akiliharibu na kulifumua mara kadhaa, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri. Bi Kalunde alimkimbilia, kwa miguu yake ile mibovu, akamshika mashavu.

"Mke mwenzangu," alisema. "Mume kanituma. Anasema huko aliko amepata mke wa tatu, mzuri kuliko wewe, tena anajua kupika."

Korido nzima ikacheka. Jengo likacheka. Kicheko kilitoka madirishani, kikaenda kama upepo hadi mwisho wa uwanja na kunyamaza ghafla. Nyamizi alicheka nacho, meno yaleyale, mwanya uleule, na machoni hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Nyamizi. "Sisi ni wazima."

"Sikuulizi nyie. Namuuliza mwizi wa waume."

"Hilo nalo linachekesha," alisema Nyamizi, na watu wengine sita waliokuwa karibu wakasema naye.

Bi Kalunde alilia pale, mbele yao wote, bila kujificha. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye hakulitegemea, pengine kwa hasira, pengine kwa mazoea. Alilishika lile sweta kwenye pindo akalivuta juu. Nyumbani Nyamizi angepiga mayowe mtaa mzima usikie, angeng'ata mtu. Hapa aliinua mikono juu kama mtoto anayevuliwa kwenda kuogeshwa, akabaki na fulana, akitabasamu. Bibi akalikunja sweta, akalitia kwapani na kuondoka.

*

Kutoka utawala hadi langoni walikuwa wamejipanga pande mbili za barabara. Hawakumgusa. Walisimama tu, safu nyuma ya safu mpaka macho yake yalipoishia, nyuso laki tatu zikimgeukia kwa pamoja kila alipopiga hatua, na vumbi lilitulia kwa jinsi walivyokuwa kimya. Jua lilikuwa la saa saba na bado alihisi baridi. Alitembea akilitazama lango na kujihimiza asikimbie, maana aliamini akikimbia wataona inachekesha.

"Tunajua utakachosema," walisema wale wa kulia.

"Bibi hamuui mjukuu wake," walisema wa kushoto.

Kinasa cha Tume kilikuwa kwenye nguzo ya lango, upande wa ndani. Kupitia vyuma aliwaona wale wa Kilindi Juu. Wengine walikuwa wamelala juu ya magodoro, wengine wanagawana mihogo ya kukaanga, na Stamili bado amekalia ndoo ya watu. Alimpungia mkono. Bi Kalunde alimtazama msichana yule, akawaza mama yake yuko wapi saa hizi, anapika nini, na kwamba jioni atapata ujumbe wa adabu na majirani watampongeza.

Kisha akamuwaza Nyamizi wodini, kijiko cha uji, macho wazi.

Hakuna njia, akajiambia. Mmoja ni kweli na laki tatu ni uongo, na maisha yangu yote sijataja uongo kwenye kile kinasa. Lakini ukweli huu unaua. Alisimama pale mpaka miguu ikaanza kumwasha. Nyuma yake laki tatu zilivuta pumzi na kuitoa, kwa pamoja, na kila pumzi ilimgonga mgongoni.

Akabonyeza kitufe.

"Mhesabu Kalunde, Chuo Kikuu cha Nyika Kuu," alisema. "Mmoja."

Pumzi nyuma yake ikakatika. Yule mtu wa miili laki tatu alikuwa ameshtuka, na mshtuko wake ulikuwa wa kutisha kuusikia, kama umeme ukikatika mji mzima. Hakugeuka. Alikuwa na hakika kwamba akigeuka atakufa.

"Rudia namba kuthibitisha," kikasema kinasa.

Akafungua kinywa.

"Mke mwenzangu."

Ilikuwa sauti moja. Bi Kalunde alisikiliza kwa masikio yake yote, akisubiri zile nyingine zimfuate, na hazikufuata.

"Mke mwenzangu, rudisha sweta langu."

Ndipo akageuka. Nyamizi alikuwa ametoka kwenye safu, hatua moja tu, na fulana yake. Alikuwa akitetemeka. Uso wake ulikuwa umekunjwa kwa juhudi, jasho likimtiririka, kama mtu anayesukuma mlango ambao watu wengi wameuegemea upande wa pili. Nyuma yake midomo laki tatu ilikuwa imefumba. Walikuwa wakimtazama, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na sura moja. Wengine walikunja uso, wengine walionekana kama wanaotafuta neno.

"Ni langu," alisema Nyamizi, na machozi yakamtoka. "Umelivuta vibaya, litapanuka shingo. Siku zote huna adabu na vitu vya watu."

Bi Kalunde akashika nguzo. Yumo. Mtoto yumo. Alimtania mbele ya dunia nzima asitoke, akaporwa ndipo akatoka, na yeye mhesabu mzoefu alikuwa ameshaondoka bila kumsubiri amfuate. Alikuwa amekosea hesabu.

"Rudia namba kuthibitisha," kikasema kinasa mara ya pili. Hakisemi mara ya tatu. Kikimaliza kungoja kinachukua namba ya kwanza.

Hapo alimkumbuka Mzee Chitema na jino lake. Alimkumbuka mkewe na nguo safi kwenye matundu ya uzio. Haingii mtu wala hatoki. Hata balbu haibadilishwi. Hakuna fundi wa kukata Uzi na hakuna mgeni wa kuvalishwa, mpaka mhesabu amalize, na sheria haikusema popote kwamba mhesabu ana haraka. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Angekaa humu peke yake, na kile kitu kikimtazama kwa macho laki tatu mchana na usiku, kikimwomba kichekeshwe. Angependa sana, angependa mno, kwenda nyumbani.

"Wawili," akasema.

Kinasa kikalia mlio mrefu wa hasira. Juu ya kizingiti namba ya laki tatu ikazimika, pakabaki sifuri nyekundu, na vyuma vya lango vikaanza kusogea. Kule uwanjani watu waliruka kutoka kwenye magodoro.

"Bibi," Stamili aliita, akikimbia na ndoo mkononi. "Bibi, vipi? Sisi twende wapi sasa?"

"Rudini kwenu," alisema Bi Kalunde. "Waambieni Tume nimekosea. Waambieni naanza upya, mmoja mmoja, na mimi ni mzee, nahesabu polepole."

"Na nani atakuletea chakula?"

"Njoo wewe, unipitishie kwenye uzio. Na hiyo ndoo mrudishie mwenyewe."

Lango likajifunga kwa kishindo, na sauti za Kilindi Juu zikawa mbali. Bi Kalunde akaugeukia umati. Nyamizi alikuwa bado pale, hatua yake moja mbele ya safu, meno yakigongana. Bibi alimwendea akamvalisha lile sweta, mkono mrefu na mkono mfupi, akaivuta shingo makusudi kuipanua.

"Acha," alisema Nyamizi.

"Maganga hakuwahi kukupenda," alisema Bi Kalunde. "Alikuwa anakuonea huruma kwa sababu ya huo mwanya wako."

Nyamizi alipumua kwa shida, akafumba macho, akayafumbua. "Alikuwa ananiambia unakoroma," alisema polepole, neno baada ya neno. "Alisema ndiyo maana alikufa mapema. Alitaka kulala."

Bi Kalunde akaangua kicheko, na Nyamizi naye, kicheko kibovu cha mtu aliyesahau. Walicheka wawili tu, wameshikana, mmoja akilia. Laki tatu waliwazunguka kimya, wakisogea karibu, wakitaka kujua kinachochekesha ni nini.